Mafunjo: Huku Magugu, Uingereza Pambo

Mafunjo unayajua. Yanaota kando ya Ziwa Victoria na kwenye vinamasi. Shina lake halina fundo, tena lina pembe tatu. Lishike kwa vidole utaona. Mafunjo na ndago, yule adui wa shamba, ni ukoo mmoja.

Huku twayafyeka na kuyachoma. Lakini Uingereza watu huyapanda yawe pambo. Kule wakati wa baridi maji huganda, na mafunjo hufa. Basi hujengewa nyumba ya vioo yenye joto, mizizi ikikaa majini. Gharama yote hiyo kwa mmea ambao sisi tunaupata bure!

Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mafunjo. Sisi twasuka mikeka. Tena mafunjo huzuia matope yasiingie ziwani, na samaki wadogo hujificha humo.

Hatusemi usikate. Kata mashina, yape muda, yataota tena. Lakini usichome moto wala using'oe mizizi. Tukiimaliza mizizi, mikeka itatoka wapi? Na samaki je?