Vyuma vizito au vyepesi? Misuli haisomi kilo

KATI ya mambo yanayowabishanisha vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ukiacha soka ya Ulaya na habari za nani ameitwa kwenda Kanada, ni hili la vyuma. Je, anayetaka kujaza kifua na mikono anyanyue chuma kizito mara chache, au chepesi mara nyingi?

Swali hili ni la zamani katika kila jimu duniani. Lakini pale Dzaleka limepata sura nyingine tangu mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi kambini. Miongoni mwa waliorudi kutoka Lilongwe, umbali wa kilometa 40 na ushei, wamo vijana waliozoea kufunga duka jioni na kwenda kunyanyua vyuma katika kumbi za mazoezi za mjini, zenye mabenchi, mashine na vyuma vya kila kilo. Kambini walikuta kile ambacho wenzao wamekuwa wakikitumia siku zote: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa kipande cha bomba.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia mjini Lilongwe. Kwa kuwa nilisomea Tanzania, wazazi wangu wakiwa uhamishoni hadi utawala wa Kamuzu Banda ulipofikia kikomo mwaka 1994, Kiswahili changu kimenipatia marafiki wengi Dzaleka, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda huelewana kwa lugha hiyo. Kijana mmoja mwenyeji wa Uvira ndiye aliyenitwisha mzigo wa makala haya.

"Mwalimu, mjini nilikuwa nalala kwenye benchi na kusukuma kilo 60 mara kumi," aliniambia. "Huku nina makopo mawili ya zege, hata kilo 25 hayafiki. Si afadhali niache kuliko kujidanganya?"

Msomaji asidhani hilo ni swali la urembo tu. Kwa kijana asiyeruhusiwa kutafuta kazi apendako, mwili wake ni kitu kimojawapo anachoweza kukiendeleza bila kuomba kibali kwa mtu. Akiambiwa kwamba bila vyuma vya mjini hata huo umemshinda, ataketi. Na kijana wa kambini akishaketi, yapo mengi mabaya ya kumwinua.

Imani kwamba bila uzito mkubwa hakuna misuli ina asili yake. Mwaka 1945, Dk. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwatibu askari majeruhi mjini Chicago, alichapisha maelezo ya namna alivyowarudishia nguvu wagonjwa wake kwa kuwanyanyulisha vitu vizito. Alifundisha kwamba uzito mkubwa wenye marudio machache hujenga nguvu, na uzito mdogo wenye marudio mengi hujenga pumzi ya kustahimili. Mafundisho hayo yaliingia katika kumbi za mazoezi na kukaa humo kama sheria. Watunisha misuli wakaja na hesabu yao ya marudio manane hadi kumi na mawili, na aliyekwenda kinyume alichekwa.

Sheria hiyo ilianza kutikiswa miaka ya karibuni. Katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, Profesa Stuart Phillips na wenzake waliwachukua vijana 49 waliokuwa wazoefu wa vyuma, wakawagawa makundi mawili na kuwafanyisha mazoezi kwa wiki 12. Kundi la kwanza lilinyanyua vyuma vizito, marudio manane hadi 12 kwa kila seti. La pili lilinyanyua vyepesi, asilimia 30 hadi 50 tu ya uzito ambao mtu angeweza kuunyanyua mara moja kwa nguvu zake zote, kwa marudio 20 hadi 25. Sharti lilikuwa moja kwa wote: kila seti iendelee mpaka mikono au miguu ikatae. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Misuli ya makundi yote mawili ilikua karibu sawasawa.

Sababu yake naweza kuieleza kama ninavyoieleza darasani. Msuli ni nyuzi nyingi zilizofungwa kwa makundi, na kila kundi lina mshipa wake wa fahamu unaoliamuru. Kazi ikiwa nyepesi, mwili huita makundi madogo kwanza, na yale makubwa, ambayo ndiyo hutunisha mkono, hubaki yamelala. Ni kama msimamizi wa kibarua anayeita watu wawili kushusha mzigo huku kumi wamekaa kivulini. Mzigo ukiwa mzito, huwaita wote mara moja. Mzigo ukiwa mwepesi, wale wawili hufanya kazi mpaka wachoke, ndipo anapoita wengine mmoja baada ya mwingine, hadi kivulini hakubaki mtu.

Hapo ndipo penye siri, na ndipo wengi wanapokosea. Chuma chepesi kinajenga misuli kikinyanyuliwa mpaka karibu na kushindwa. Anayenyanyua kopo la zege mara 15 ilhali angeweza kufika 35, kisha akaliweka chini na kujitazama kwenye kioo, amewachosha wale vibarua wawili tu. Marudio ya mwisho, yale ya kukunja uso, ndiyo yenye faida.

Wepesi nao una mpaka wake. Utafiti uliofanywa nchini Brazil na kutangazwa mwaka 2018 ulilinganisha uzito wa asilimia 20, 40, 60 na 80. Ule wa asilimia 20 uliachwa nyuma kwa mbali.

Sasa tumfanyie hesabu kijana wetu wa Uvira. Mtu anayesukuma kilo 60 mara kumi, kwa makadirio ya kawaida, anaweza kusukuma kilo 80 mara moja. Asilimia 30 ya hizo ni kilo 24. Kopo la lita tano likijazwa zege hufika kilo 12 hivi, kwa hiyo makopo mawili na bomba lake yanafika pale pale. Yupo ukingoni, lakini bado hajatumbukia.

Tena anacho chuma kizito zaidi ya hicho, nacho ni mwili wake mwenyewe. Mtu anapopiga pushapu, mikono yake hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Kwa mwenye kilo 70, hizo ni kilo 45 na zaidi, takribani mara mbili ya makopo yake. Akiinua miguu juu ya tofali, mzigo wa mikono unaongezeka. Akibeba mgongoni begi lenye mchanga, unaongezeka tena. Kwa miguu, kuchuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta kutamtoa jasho bila kununua kitu.

Kwa mikono na mgongo lipo dumu la maji la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu aanze na lita nane, na wiki atakayoona marudio 30 yamekuwa rahisi aongeze moja au mbili. Kuongeza mzigo kidogo kidogo ndiko kunakokuza misuli, na dumu linapimika kuliko zege.

Je, basi vyuma vizito havina maana? La hasha. Katika majaribio mengi, waliotumia uzito mkubwa waliwashinda wenzao mtu alipopimwa uzito wa juu anaoweza kuunyanyua mara moja, hata pale misuli ilipolingana ukubwa. Nguvu ya namna hiyo ni ustadi, na mwili huujifunza kwa kuukabili mzigo wenyewe. Mpagazi wa sokoni Lilongwe anayebeba magunia ya mahindi ya kilo 50 hawezi kujiandaa kwa dumu la lita nane. Uzito mkubwa pia huokoa muda: seti ya marudio manane ni ya dakika moja, wakati ile ya marudio 30 ni ndefu na inachoma kama pilipili. Wapo wengi wanaoiacha njiani kwa sababu hiyo.

Lakini uzito mkubwa unadai vifaa vya kuaminika na mtu wa kukulinda. Bomba lililounganishwa kienyeji linaweza kupinda, zege linaweza kupasuka, na anayelala chini yake ana shingo moja tu. Ndiyo maana kwa vijana wa kambini nashauri chepesi kiwe chakula cha kila siku na kizito kiwe cha sikukuu, tena wawili wakisimama kando. Kwa wenye umri wangu, tuliovuka 40 na ambao magoti yameanza kulalamika, chepesi ni cha kila siku pia.

Limebaki jambo ambalo vijana hawalibishanii, nalo ndilo zito kuliko vyuma vyote. Misuli hujengwa kwa protini. Uchambuzi wa tafiti 49 uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayefanya mazoezi haya hunufaika kwa kula protini hadi kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mwenye kilo 70 hizo ni gramu 112. Akitegemea maharage peke yake, atahitaji karibu nusu kilo ya maharage makavu kila siku. Anayekula nsima na mboga za majani mara moja kwa siku hata nusu ya hapo hafiki.

Dzaleka imejaa zaidi ya watu 50,000, na mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa ukosefu wa fedha. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana afanye mazoezi siku mbili au tatu kwa wiki, si sita, kwa maana kila seti ya ziada inalipwa na chakula ambacho hana. Apumzike vya kutosha. Akipata fedha kidogo, asinunue kopo la tatu la zege, bali maharage, soya, karanga au usipa, wale dagaa wa ziwani wanaouzwa kwa mafungu.

Nasikia mara kwa mara watu wema wa mjini wakisema wangependa kuwapelekea vijana wa Dzaleka vifaa vya mazoezi. Ni nia njema. Lakini kama gari lina nafasi ya mzigo mmoja tu, wapakie gunia la maharage. Vyuma tayari vipo pale, vimejaa zege.