Subaru ya Turbo: Ikague Injini Ingali Baridi

Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na tangu hapo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaiota WRX, Impreza yenye turbo. Kuiota ni bure. Gharama huanza ukinunua iliyoteswa.

Injini ya WRX za miaka hiyo, EJ20 ya lita 2, ina silinda nne zilizolala ubavu zikipeana mgongo. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mlinzi wake ni oili. Dereva akiiacha oili ipungue au izeeke, beringi za kranki huliwa, injini inaanza kugonga, na hapo hakuna dawa ila kuishusha na kuifungua yote.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ukikuta joto, jiulize anaficha nini. Chomoa kijiti cha oili utazame kiasi na rangi, kisha washa. Ule mngurumo mzito wa ekzosi usikutishe, ndiyo sauti yake. Cha kuogopa ni mlio mkavu wa chuma unaoongezeka ukikanyaga mafuta. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani.

Omba pia karatasi ya mnada wa Japani ambako gari lilinunuliwa. Daraja la R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, W ni sehemu iliyonyooshwa na XX ni iliyobadilishwa. Lakini karatasi hiyo ina mwisho wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo WRX ya 2005 inayouzwa Nairobi leo imeishi humo miaka mingi ambayo karatasi haiijui. Hapo dai risiti za gereji, hasa ya mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Risiti isipokuwepo, hesabu kwamba haujabadilishwa na upunguze bei.

Mimi ningechukua lisilochezewa, hata kama rangi imepauka, nikaliacha lenye turbo kubwa na ekzosi ya kelele.

Mwisho, lipia fundi wako mwenyewe apime mgandamizo wa silinda zote nne. Moja ikiachwa mbali na wenzake, usinunue. Muuzaji akikataa kipimo hicho, mrudishie funguo.