Asili ya Sikukuu ya Noeli

Hapa Tabata mama mmoja alikuja ofisini kwetu parokiani ana huzuni. Mwanawe amekataa kula Noeli nyumbani, maana ameambiwa ni sikukuu ya wapagani na tarehe yake haimo katika Biblia. Nadhani maneno hayo yamefika na huko vijijini, basi tuyatazame.

Ni kweli, Injili haitaji siku wala mwezi. Andiko la kale linaloonyesha tarehe 25 Desemba ni kalenda ya Roma ya mwaka 354, nayo ina habari za tangu mwaka 336. Kwa nini siku hiyo? Wataalamu hawajapatana. Wengine husema Warumi walikuwa na sikukuu ya jua, na Kanisa likaigeuza kumheshimu Kristu, Mwanga wa kweli. Wengine husema Wakristu walihesabu miezi tisa tangu 25 Machi, siku waliyodhani Bwana alitungwa mimba. Vyovyote iwavyo, aliyeshangiliwa na Wakristu ni Kristu, si jua. Wazee wetu wangapi hawajui tarehe yao, ila kwamba walizaliwa mwaka wa njaa? Je, hawakuzaliwa?

Habari ya pango ni wazi zaidi. Mwaka 1223, kijijini Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka watu waone kwa macho umaskini wa Bethlehemu. Akaagiza hori, majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli. Wanakijiji wakaja usiku na mienge, Misa ikasomwa hapo penye hori. Yeye hakuwa padre, alikuwa shemasi. Akaimba Injili na kuhubiri. Basi mwenye zizi asihangaike kununua sanamu za plastiki mjini.

Neno Noeli lenyewe ni la Kifaransa, nalo latoka katika Kilatini, maana yake kuzaliwa. Wamisionari walioanza Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa Wafaransa.

Mti wa kupamba ni desturi ya Wajerumani, kwa kuwa kwao wakati huo ni baridi na miti mingi imepukutika. Kwetu sivyo. Tunao mkrismasi, uliotoka Madagaska, ambao Desemba huwaka maua mekundu barabarani. Matawi machache kando ya hori yatosha, ila yakatwe siku ile ile, maana maua yake hunyauka upesi.