SAA TANO NCHI KAVU
Mgeni wa melini anapoutembea mji wa Bujumbura peke yake

Meli ya mizigo ikishafungwa kamba gatini katika bandari ya Bujumbura, kazi ya wapagazi huanza na kazi ya baadhi ya mabaharia husimama. Hapo ndipo utakapowaona watu wawili watatu, wamekwisha kuoga na kuvaa mashati safi, wakilielekea lango la bandari. Wametoka Kigoma, au Kalemie, au Mpulungu. Wana saa chache tu za kukanyaga nchi kavu, nao wangependa kuzitumia vema.

Hivi karibuni tulikuwa karibu na lango hilo kwa shughuli za kikazi. Baharia mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alimwendea askari kijana aliyekuwa zamu, akamwamkia kwa heshima, akasema:

“Afande, mimi natoka Kigoma. Meli yetu inaondoka saa kumi na moja, nami nina saa tano mkononi. Nataka kuuona mji wenu, lakini sitaki kuongozwa na mtu wa kunitoza fedha. Nianzie wapi?”

Yule kijana aliona haya kidogo. Alinyoosha mkono kuelekea mjini, akajibu: “Mzee, mji ni huo hapo mbele. Nenda tu.”

Jibu hilo halikuwa la ukorofi. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hajapata kulifikiria swali. Nasi tukajiuliza: ni wangapi kati yetu, askari wa jeshi na wa polisi, tunaosimama kila siku njiani, tungeweza kumpa mgeni yule jibu lililo bora zaidi? Makala haya ni jaribio letu la kumjibu.

Saa ni ipi?

Kabla ya kumwambia neno lolote tulitazama saa zetu. Zilionyesha saa tano kamili ya asubuhi. Saa ya yule mzee ilionyesha saa sita. Hakuna iliyokuwa mbovu. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kama zilivyo Kongo ya mashariki na Zambia. Ziwa ni moja, mawimbi ni yale yale, lakini anayevuka kutoka Kigoma kuja Bujumbura huvuka pia mpaka wa saa.

Jambo hili tulifunzwa na makosa yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tungali wanafunzi katika chuo cha maofisa, tulikwenda likizo tukiwa wawili, tukaingia Kigoma kwa gari kupitia mpaka wa Mugina. Tulikata tiketi za meli ya abiria iliyokuwa ikiondoka saa kumi jioni. Kwa kuwa tulikuwa na nafasi, tukaenda Ujiji, kilomita chache kusini, kuona mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Tulitembea kwa raha, tukanywa chai, tukatazama saa zetu kila mara kama wanajeshi wapasavyo. Tulifika bandarini saa tisa na dakika ishirini, tukijisifu kwamba tumewahi. Gatini palikuwa na maji matupu, na meli ilikuwa imekwisha kuipa mgongo ghuba.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu hapo karibu, alituomba tumwonyeshe saa. Akaitazama, akacheka taratibu, akasema: “Wanangu, saa hii ni ya kwenu. Huku saa kumi imekwisha kupita.”

Tulipoteza nauli, tukalala Kigoma bila ya kupanga, na likizo yetu ikaishia njiani. Mwalimu wetu wa usomaji wa ramani alipopata habari hakutuadhibu. Alisema tu kwamba askari asiyejua saa ya mahali alipo ni sawa na askari asiyejua mahali alipo.

Basi neno la kwanza tulilomwambia yule baharia lilikuwa hili: “Mzee, usiibadilishe saa yako. Iache na saa ya meli. Saa za ukutani mjini usizifuate.” Kisha tukamtaka athibitishe kwa nahodha saa kumi na moja ile ni ya wapi. Alirudi melini, akauliza, akatuletea jibu: ni ya Kigoma. Maana yake kwetu ni saa kumi. Laiti angeziamini saa za madukani, angefika saa moja nzima baada ya meli kuondoka.

Meli haimngoji mtu

Desturi hii haiko katika ziwa letu peke yake. Katika bahari ya Mediterania, meli kubwa za starehe hutia nanga kila mwaka mbele ya visiwa vya Ugiriki kama Santorini na Rhodes, zikashusha maelfu ya watalii kwa saa chache. Wako wanaopanda mabasi yaliyoandaliwa na wenye meli, nao wako wanaojitembeza wenyewe kwa gharama ndogo. Tofauti ni moja. Basi la meli likichelewa, kwa kawaida meli hulingoja. Aliyejitembeza mwenyewe akichelewa, huachwa. Huko Santorini mji uko juu ya jabali refu na bandari ya zamani iko chini yake. Anayetaka kushuka huchagua gari la kamba, au punda, au ngazi zinazokaribia mia sita. Mgeni asiyehesabu muda wa foleni ya kushuka huiona meli yake kwa mbali tu.

Kwa hiyo anayetembea peke yake hana budi kupanga safari kama sisi tunavyopanga doria: aanzie mwisho. Kwanza aandike saa ya kurudi. Aondoe nusu saa ya tahadhari. Aondoe muda wa njia. Kinachobaki ndicho cha kutembelea. Na mahali palipo mbali pawe pa kwanza, kwani gari likiharibika asubuhi kuna nafasi ya kutafuta jingine, lakini likiharibika jioni hakuna. Mahali pa karibu paachwe mwisho, mahali ambapo mtu anaweza kurudi kwa miguu. Hesabu hii ina maana zaidi katika siku ambazo mafuta ya gari ni haba.

Mlima nyuma, ziwa mbele

Wageni wengi huogopa kupotea. Mji wa Bujumbura, ukiutazama kwa jicho la msoma ramani, ni miongoni mwa miji iliyo rahisi kuijua. Upande wa mashariki kuna milima yetu. Upande wa magharibi kuna ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Barabara zinazoteremka huelekea ziwani, na zinazopanda huelekea milimani. Aliyepotea aupe mlima mgongo, ateremke. Atafika karibu na maji, na bandari si mbali.

Lakini asijaribu kufuata ukingo wa maji wenyewe kama njia ya mkato. Maji ya ziwa yamepanda sana katika miaka ya karibuni, na mwaka 2024 yalifunika njia na nyumba nyingi za ufukweni, bandari nayo haikusalimika. Tena jua linapotua viboko hutoka majini kula majani, hata kando ya mji. Kiboko hana mchezo, na aliyesimama kati yake na maji yuko hatarini zaidi kuliko wote. Askari anayemwona mgeni akipiga picha karibu na kiboko amwondoe kwanza, maelezo yafuate baadaye.

Kuna hatari nyingine iliyo ndogo kwa sura lakini kubwa kwa madhara. Burundi na Kongo magari hupita upande wa kulia. Tanzania na Zambia hupita kushoto. Mtu wa Kigoma anayevuka barabara hapa hutazama kwanza upande wa kulia kwake, kama alivyofunzwa tangu utotoni, na gari humjia kutoka kushoto. Ndugu zetu polisi wa barabarani, mkimwona mtu akisita ukingoni mwa barabara na kugeuza kichwa upande usiofaa, msimpigie filimbi ya hasira. Mvusheni.

Kuhusu usafiri, mgeni aelezwe kwamba mwezi Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya mji. Kwa hiyo aulize mapema chombo alichopanda kinaishia wapi. Katikati ya mji miguu inatosha. Akichukua teksi, bei ikubaliwe kabla ya mlango kufungwa, na ikiwa ni ya kwenda na kurudi, atamke wazi “kwenda na kurudi”.

Jiwe la Mugere

Yule mzee tulimshauri aanzie Mugere, kilomita 12 hivi kusini mwa mji, katika barabara ya Rumonge. Hapo, juu kidogo ya barabara, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Watu wengi, hata baadhi yetu, huwaambia wageni kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, na mtu wa Kigoma atacheka akiambiwa hivyo, kwa sababu walikutana kwao Ujiji siku kadhaa kabla.

Ukweli wenyewe ni mzuri zaidi. Walipokuja Mugere walikuwa wasafiri wa ziwani kama baharia wetu. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapiga kasia kufuata pwani kuelekea kaskazini, wakalala hapo siku mbili kwa ukarimu wa mtawala wa mahali hapo aliyeitwa Mukamba. Walikuwa na swali moja: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia ziwani? Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana, kwani kama ungetoka, huenda ungekuwa chanzo cha Nile. Burton na Speke walifika hadi Uvira mwaka 1858 wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia, lakini hawakufika mlangoni pa mto. Livingstone na Stanley walikwenda, wakaona kwa macho yao: Rusizi unaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Kumbe hata mpelelezi mashuhuri hulazimika mwishowe kumsikiliza anayeijua nchi yake.

Aliye na siku nzima anaweza pia kwenda kwenye mdomo wa Rusizi, magharibi mwa mji, kutazama viboko na mamba akiwa na walinzi wa hifadhi. Asiye na siku nzima asijaribu.

Yaliyo karibu

Mgeni akisharudi mjini, kuna mambo matatu yanayofaa. La kwanza ni kilima cha Vugizo, lilipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa Waziri Mkuu, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi akiwa katika hoteli moja kando ya ziwa. Aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki aitwaye Kageorgis, aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Kutoka kilimani hapo mtu huuona mji wote na ziwa lote la upande huu. Hapo pahitaji utulivu, na mavazi ya heshima.

La pili ni Makumbusho Hai, yaliyofunguliwa mwaka 1977, yenye mamba, nyoka na nyumba ya jadi. La tatu ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Huko mtu wa Kigoma hahitaji mkalimani. Atakunywa chai, atasikia adhana, atawaona mafundi wakifufua magari yaliyokatiwa tamaa, na katika soko la Ruvumera atapata vitenge. Soko Kuu la zamani asilitafute, kwani liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013.

Wajibu wetu

Mgeni naye ana wajibu. Awe na hati zake mfukoni. Asipige picha bandari, kambi, walinzi wala majengo ya serikali. Abadilishe fedha mahali palipoidhinishwa. Lakini akikosea kwa kutojua, kama alivyokosea kutazama upande wa barabara, askari mwenye busara humwelewesha kabla ya kumkaripia. Mgeni huyu hataonana na waziri wala balozi. Serikali yote ya Burundi atakayoiona katika saa zake tano ni askari wa langoni, polisi wa njiapanda, na basi.

Na tukiulizwa njia, tuache kusema “hapo mbele kidogo”. Tuseme: hatua mia tatu, hadi kwenye mzunguko, geuka kuelekea mlimani. Tulifundishwa kutoa maelekezo yanayoweza kuokoa maisha ya kikosi; hatuwezi kushindwa kumfikisha mtu mmoja sokoni.

Yule kijana wa zamu alisikiliza yote hayo. Mzee alipoondoka, kijana ndiye aliyemvusha barabara na kumtafutia teksi, akasimama mlangoni hadi bei ilipotajwa.

Alirejea saa kumi kasoro dakika ishirini, kwa saa za kwetu. Kwapani alikuwa na kitenge kilichofungwa kwa gazeti, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la Mugere. Alimpungia mkono yule askari, kisha akasimama, akageuka, akauliza kwa wasiwasi wa kweli:

“Afande, sasa hivi ni saa ngapi kwetu?”

“Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, mzee,” kijana akajibu mara moja, bila ya kutazama saa. “Umewahi.”