Kabla ya Kulipia Safari ya Yading

Yading ni bonde la Watibeti katika wilaya ya Daocheng, jimbo la Sichuan, nchini China. Vilele vyake vitatu vya theluji, ambavyo kirefu kupita vyote huzidi mita 6,000, ni vitakatifu kwa wenyeji wa dini ya Kibudha, na mahujaji huvizunguka kwa miguu, mlima ukiwa daima mkono wa kulia. Uzuri wake hauna ubishi. Tunachotaka mlaji akipime ni ratiba anayouziwa.

Uwanja wa ndege wa huko, uliofunguliwa mwaka 2013, uko mita 4,411 juu ya usawa wa bahari. Hakuna uwanja wa abiria ulio juu kuliko huo duniani. Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, kisha Horombo, ndipo siku ya tatu afike Kibo, mita 4,700 na ushei. Abiria atokaye Chengdu, mji ulio kwenye mita 500 hivi, hukikaribia kimo hicho kwa muda wa saa moja, akiwa ameketi kitini. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea uhaba wa hewa. Kichwa huuma, chakula hukataa, na hali ikizidi mgonjwa huweza kufa asiposhushwa mapema. Makopo ya oksijeni yauzwayo madukani huisha kwa dakika chache, nayo si badala ya kushuka.

Kwa hiyo, dai ratiba ya maandishi ionyeshayo kimo cha kila mahali pa kulala. Safari ya barabara inayompumzisha msafiri Kangding, kwenye mita 2,500 hivi, huongeza siku na gharama, lakini twaipendelea. Inayompeleka kwenye maziwa ya mlimani, juu ya mita 4,500, kesho yake baada ya kutua, ni nafuu kwa bei tu. Soma na bima: baadhi ya mikataba hailipii matibabu juu ya kimo fulani.

Jambo jingine ni kibali. Baadhi ya mawakala huitangaza safari hii kwa jina la Tibet. Kibali maalumu cha Tibet hutakiwa kwa wageni waendao Lhasa na kwingineko katika Mkoa wa Tibet wenye mamlaka ya ndani; Yading imo Sichuan, na kwa kawaida viza ya China hutosha. Ukidaiwa ada ya kibali hicho kwa Yading pekee, omba maelezo kwa maandishi kabla ya kulipa. Uliza pia iwapo bei imejumuisha nauli ya basi la hifadhi, kwani hiyo hutozwa mbali na kiingilio.