Chuchu za Mwanamume: Asili Moja ya Maumbile ya Jinsi Mbili na Maana Yake kwa Elimu ya Afya

Miongoni mwa mamalia, kazi ya kunyonyesha ni ya jike. Hata hivyo, mwanamume huzaliwa na chuchu mbili kama alivyo mwanamke. Charles Darwin, katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu kilichochapishwa mwaka 1871, alidokeza kwamba huenda zamani madume yaliwasaidia majike kunyonyesha watoto. Dhana hiyo ilitokana na kuuliza chuchu zina kazi gani kwa mwanamume. Makala hii inafafanua kwamba swali la msingi zaidi ni lini kiungo hicho huanza kuumbika, na kwa maelekezo gani.

Katika majuma sita hivi ya mwanzo, viinitete vya kike na vya kiume havitofautiani kwa umbo. Katika kipindi hichohicho hujitokeza mstari wa ngozi nene kutoka kwapani hadi kinenani, ambao sehemu yake kubwa hutoweka na kuacha kifuani chembechembe za kuunda titi. Baada ya hapo ndipo jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu Y, inapoelekeza tezi za uzazi ziwe korodani. Kwa hiyo, homoni za kiume zinapoanza kutengenezwa, msingi wa chuchu umekwisha kuwekwa.

Utaratibu huo hauishii kifuani. Kila kiinitete huwa na jozi mbili za mirija, moja ya kike na moja ya kiume. Mwaka 1947 Alfred Jost wa Ufaransa alionyesha kwamba vijusi vya sungura vilivyoondolewa korodani mapema viliendelea kukua kwa mkondo wa kike. Kwa kawaida, homoni za korodani huikuza mirija ya kiume na kuififiza ile ya kike. Masalia yake huonekana hata kwa mtu mzima, kama kifuko kidogo kilichomo ndani ya tezi dume. Vivyo hivyo, kisimi na uume hutokana na chanzo kimoja.

Pamoja na hayo, asili moja peke yake haitoshi kueleza kwa nini chuchu zimebaki. Kwa panya, homoni za kiume huua msingi wa chuchu za dume akiwa bado tumboni, hata akazaliwa bila chuchu. Kuziondoa, basi, kunawezekana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwa binadamu chuchu hazimgharimu mwanamume kiasi cha uteuzi wa asili kuzifuta.

Gharama ndogo, hata hivyo, si sawa na kutokuwapo kwa gharama. Tishu ya titi la mwanamume ni hai na huitikia homoni. Matiti ya wavulana wengi huvimba wakati wa balehe, kisha hunywea yenyewe. Saratani ya matiti nayo huwapata wanaume, ingawa ni takriban asilimia 1 tu ya wagonjwa wote. Hatari huongezeka kwa mwenye kasoro ya jeni ya BRCA2, ambayo mtoto wa jinsi yoyote huweza kuirithi kwa baba au kwa mama.

Uchache huo hauhalalishi kuwapima wanaume wote, lakini unadai usahihi wa lugha. Ujumbe wa afya unaomtaja mwanamke peke yake humwachia mwanamume imani kwamba yeye ana kifua tu, hana titi. Naye akiona uvimbe chini ya chuchu huupuuza au huuonea haya, akafika hospitalini kwa kuchelewa. Inafaa vipeperushi na miongozo ya wahudumu iwataje wanaume kwa sentensi iliyo wazi, na historia ya ugonjwa iulizwe kwa upande wa baba kama inavyoulizwa kwa upande wa mama.