Oya, Hiyo Smart Plug Yako Inakula WiFi ya Nani?

Oya masela wa Mwanza, Mabatini, Igoma, Nyegezi mpaka Kirumba, sogeeni tuongee mambo ya soketi. Najua, soketi siyo stori ya kijiweni. Ila siku hizi kila bishoo mwenye geto la chumba kimoja na sabufa ya kutetemesha madirisha ya jirani anataka kuwasha taa kwa simu. Kalala kitandani. Swichi iko mita moja kutoka kichwani kwake. Yeye anafungua apu. Apu inazunguka. Apu inaomba update. Swichi bado iko palepale, inamwangalia.

Hiyo ndiyo smart plug, mwanangu. Plagi janja. Kidude cheupe, unakichomeka ukutani, kinashika WiFi, halafu chochote ulichokipandisha juu yake unakiwasha na kukizima kwa simu hata kama uko Dar unakula bata.

Upande wa pili kuna taima. Ile ya kuzungusha, duara la saa 24, vijino 96, kila kijino dakika 15. Unabonyeza vijino vya muda unaotaka umeme upite, unazungusha duara mpaka mshale usome saa ya sasa, kwisha habari. Haina apu. Haina akaunti. Haikuulizi imeili yako wala ulizaliwa lini. Swaga zero. Sura yake kama kitu kilichotoroka kwenye droo ya fundi redio wa Makoroboi.

Na katikati yupo wa tatu ambaye hamumpi heshima yake: taima ya dijito, kioo kidogo, vitufe vya kubonyeza kwa kucha, kibetri ndani. Huyo mweke pembeni kwanza. Ana zamu yake.

Tuwamalize wazee mapema. Mshua ukimgusia taima, jibu liko tayari: "Mkono unao, zima mwenyewe." Mzee huyohuyo taa yake ya nje inawaka mpaka saa nne asubuhi. Jua linachoma, majogoo washachoka kuwika, yeye yuko barazani anasoma gazeti chini ya balbu. Ukimnunulia taima anaiseti kwa saa yetu ya Kiswahili. Taa iwake saa moja jioni, kwa hiyo anabonyeza namba 1. Jioni giza totoro. Saa saba usiku, pwaa! Mbwa wa mtaa mzima macho. Kesho yake kosa ni la taima. "Mali za China hizi."

Ila masela, hapo mzee kakosea kidogo tu. Taima ya kuzungusha haijui saa ya dunia, inajua ulivyoizungusha wewe. Ukitaka iishi Kiswahili inaishi: 1 mpaka 12 ni mchana, 13 mpaka 24 ni usiku, duara lifuate saa ya ukutani kwenu. Saa moja jioni inakuwa 13. Freshi kabisa. Smart plug haikubaliani na mambo hayo, yenyewe inataka time zone. Na ukitaka kuiongelesha, Alexa hajui Kiswahili, achilia mbali Kisukuma. Pisi kaja geto, umefagia, umepuliza marashi, unaita kwa sauti ya puani: "Alexa, turn on the lights." Kimya. Unarudia, puani zaidi. Kimya. Dada wa watu anainuka, anabonyeza swichi, anakaa. Hapo hata sabufa haikuokoi.

Sasa noma yenyewe. WiFi ya nani?

Smart plug nyingi zinashika WiFi ya 2.4 GHz, na zinataka ikae hewani muda wote. Masela wengi router yao ni simu. Unawasha hotspot, plagi inashika, unapiga picha, unapost, watu wanakoment moto. Asubuhi unatoka kwenda kwenye mishe, simu mfukoni. Yaani router imepanda daladala na wewe. Plagi imebaki geto inapepesa kitaa chake, inatafuta mtandao uliohama. Uko Buzuruga, unakumbuka feni inapuliza kitanda kitupu, unabonyeza zima, apu inakujibu kifaa hakipo hewani. Kitu umekinunua ukitumie ukiwa mbali, kinakutii ukiwa karibu tu. Na ukiwa karibu, mkono unao. Kwa mara ya kwanza mwaka huu mshua ana pointi. Usithubutu kumwambia.

Utanibishia: "Mwana, ratiba si zinakaa ndani ya plagi yenyewe?" Nyingi ndiyo. Umeiseti iwashe saa moja, izime saa tano, itafanya hata hotspot ikiwa imezimwa. Mpaka umeme ukatike. Ukikatika, saa ya ndani inafutika. Ukirudi, plagi inaamka kama haijui iko karne gani, inataka kuiuliza intaneti. Na intaneti iko mfukoni kwako, Buzuruga. Usiku huo taa ya nje haiwaki, ndala za uani zinaondoka na wenyewe.

Na umeme unakatika, tusidanganyane. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, na ule mgao wa mwisho wa 2023 umebaki stori. Lakini nguzo ya mtaani kwenu haijui habari za Rufiji. Mvua ya ziwani ikija na upepo wake, giza. Watoto kimya. Ukirudi, watoto wote "Umeeerudi!" na feni zinaanza upya. Swali la maana kwa kifaa chochote cha soketi hapa Rock City ni moja tu: umeme ukirudi, kitakuwa bado kinajua ni saa ngapi?

Taima ya kuzungusha haijui. Ndani ina kimota kinachofuata mapigo ya umeme wenyewe, hertz 50. Umeme ukilala, saa inalala pale ilipo. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, ratiba nzima imesogea saa tatu. Taa ya saa moja sasa inawaka saa nne. Ukikatika tena Alhamisi, inawaka usiku wa manane, na asubuhi inakuwakia mchana kweupe kama kwa mshua. Kila baada ya giza inabidi ukazungushe duara. Siyo kazi ngumu, ila nani anakumbuka?

Ya dijito inakumbuka. Kile kibetri kinashikilia saa umeme ukiwa haupo. Ukirudi inaendelea kama hakuna kilichotokea, haimuulizi mtu, haitafuti hotspot, haiombi bando. Ndiyo mbaya kwa sura kuliko zote, vitufe vyake vinahitaji subira ya mganga. Lakini kwa kitaa hiki ndiyo baba lao.

Kuna sifa moja ya smart plug wazungu wanaishobokea: inafuata jua. Inajua leo jua linazama saa ngapi, inawasha taa yenyewe. Kwao sawa. London mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku na ushee, mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni haijafika limeshazama. Lazima upate kizunguzungu. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua la Mwanza mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo, limemaliza. Unaseti mara moja, unasahau mpaka mwenye nyumba apandishe kodi uhame. Kulipia kitu kikufuatilie jua la Mwanza ni kupigwa mchana kweupe.

Wa kando ya maji, Kirumba na Igombe huko, nyie mna yenu. Kuna jioni wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja wingu zima. Taa ya nje ikiwaka saa moja, wote wako mlangoni: kwenye ugali, kwenye sikio, kwenye selfie. Mvuvi wa dagaa anawasha taa usiku avute dagaa, anaingiza mkwanja. Wewe unavuta wadudu bure, na LUKU unalipa. Seti taima iwake saa mbili na nusu, wingu likishatawanyika. Kule Buhongwa na Kisesa kwa wanaofuga kuku wa mayai ndiyo kabisa: kuku anataka mwanga wa kama saa 16 kwa siku atage vizuri, jua letu linampa 12. Zilizobaki ni za balbu, na zinatakiwa zije muda uleule kila siku. Kuku hataki drama za WiFi.

Sasa tumpe plagi janja haki yake, maana kuna sehemu inatisha kinoma. Zipo zinazopima umeme, kama TP-Link Tapo P110: inakuonyesha kifaa kinavuta wati ngapi sasa hivi na kimekula yuniti ngapi. Kwa wanaopanga nyumba yenye mita moja, hiyo ni silaha. Mnazijua zile vita. Mmechanga LUKU Jumatatu, Alhamisi mita inalia. Kila mtu anamwangalia mwenye friji. Mwenye friji anamwangalia mwenye pasi. Bimkubwa wa chumba cha mbele anasema wa kulaumiwa ni sabufa, kwa sababu inapiga kelele, na kwa akili ya wazee kinachopiga kelele ndicho kinachokula. Weka plagi ya kupima, kila mtu alale na namba zake.

Na namba zina uzito. Kwa bei zilizotoka 2016, mtumiaji mdogo analipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi. Ukizidi hapo, kila yuniti ya ziada ni 350. Mkiwa kwenye kundi la kawaida ni 292, ukijumlisha VAT na makato ya EWURA na REA inafika kama 356. Sasa chukua kitu kinachovuta wati 10 tu, king'amuzi ulichokiacha kinasinzia usiku na mchana. Mwezi mmoja kimekula yuniti 7.2. Zaidi ya buku mbili na jero, kwa kulala. Smart plug yenyewe nayo inavuta kama wati moja muda wote ili isikie WiFi, inakula mia mbili na hamsini hivi kwa mwezi. Kwa hiyo bishoo uliyenunua plagi sita uzime chaja sita za simu, hongera, umetajirisha watu wengine.

Mambo ya usalama nitapita haraka, siyo mshua mimi. Soketi yetu ni ya 13A kwenye volti 230, yaani wati elfu tatu hivi. Smart plug nyingi za bei chee zimeandikwa 10A, yaani 2,300. Taa, TV, feni, king'amuzi, sabufa, twende. Jiko la koili na hita ya maji, kaa mbali. Pasi usiwashe kwa ratiba wala kwa simu hata ukilipwa. Kama ina miguu miwili ya duara na inataka adapta ndiyo iingie ukutani, iache dukani: inalegea, inapata moto, geto linanuka plastiki. Tafuta miguu mitatu bapa. Na pampu ya simtanki kwenye ratiba ni mtego, hasa mitaa ya mlimani ambako maji yanakuja kwa zamu. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko hapo chini, na pampu yako saa kumi alfajiri inavuta hewa mpaka inaungua. Taima haijui kama maji yamekuja. Pampu amka uwashe, usingizi utalipa mchana.

Kwa hiyo wanangu, msimamo wa kijiwe ni huu. Una router inayokaa nyumbani, inayolipiwa kila mwezi, na iko kwenye power bank yake umeme ukikata? Chukua smart plug moja yenye kupima, muichangie wapangaji wote, izunguke chumba hadi chumba mpaka mla LUKU ajulikane. Huna router? Achana na kujimwambafai, chukua taima ya dijito. Ila kabla hujatoa mpunga, mwambie muuzaji aichomeke ichaji kidogo, aseti saa mbele yako, halafu aichomoe na mpige stori dakika kumi. Saa ikibaki kwenye kioo, lipa. Ikifutika, mrudishie, duka la pili liko hapohapo.